Kijana wa stoo aliliona kosa, akanyamaza

Swali: Hujambo mshauri. Mimi ni meneja wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Nakuru, nina miaka 41 na vijana tisa chini yangu. Mwezi uliopita mwenye duka alitupeleka semina ya "akili ya hisia". Tuliambiwa asilimia 93 ya mawasiliano si maneno, na kwamba kiongozi mzuri humeza hasira zake. Tuliporudi nikapewa karatasi ya tathmini imeandikwa: "Akili ya hisia: chini." Wiki iyo hiyo kijana wa stoo alimpakilia mteja wa Molo mabati ya geji 30 badala ya 28. Nilimkemea mbele ya wateja. Baadaye nikasikia kwa wenzake kwamba aliligundua kosa lori likiwa bado ndani ya geti, akaogopa kuniambia. Nyumbani nako mke wangu anasema naongea naye kama niko dukani. Nauliza: hii akili ya hisia ni upole tu uliopewa jina jipya? Mtu wa umri wangu anaweza kujifunza? Na yule kijana, nimwombe msamaha, au nitakuwa nimejishusha?

Jibu: Karibu ndugu yangu, na pole kwa hiyo karatasi. Nitaanza na lori la Molo, kwa sababu umelitaja kwa sentensi mbili tatu ukapita, ilhali ndilo lenye jibu.

Sikuwepo, lakini mtu anayeijua kazi ya stoo anaweza kukisia mambo yalivyokwenda. Bati la geji 30 na la geji 28 hufanana rangi na migongo. Tofauti ni unene, la 30 likiwa ndilo jembamba, na unene huo mkono uliozoea huusikia kabla ya jicho. Kijana anapakia, bati moja linapinda kuliko kawaida, anainama kusoma maandishi ya kiwandani, moyo unamwenda mbio. Lori bado liko ndani. Kushusha na kupakia upya ni jasho la watu wawili na kuchelewa kidogo. Anakutupia jicho ulipo kaunta. Anapiga hesabu: nikisema, nitafokewa sasa hivi, hilo halina shaka, nisiposema, huenda mteja asitambue. Akafunga mdomo. Hesabu hiyo si ya mjinga. Kila aliye na bosi anayewaka haraka huipiga, na wengi hufikia jibu lile lile.

Tuache upole na ukali kwanza, tuongee hasara. Asubuhi ile dukani mwako kulikuwa na habari yenye thamani ya pesa. Mtu unayemlipa mshahara alikuwa nayo, akiwa hatua chache kutoka uliposimama, na haikukufikia. Hapo ndipo ninapoiona shida yako. Kukasirika hukasirika kila mtu, na kosa la mabati ni kosa. Ila hasira yako imezoeleka kiasi kwamba watu wamejifunza kuizunguka, na katika kuizunguka huko wanakuficha mambo ambayo ungehitaji kuyajua kuliko mtu yeyote.

Katika miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson wa Harvard alichunguza makosa ya kuwapa wagonjwa dawa katika wadi za hospitali mbili nchini Marekani. Alitarajia kwamba wadi zenye viongozi wazuri na ushirikiano mzuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikaja kinyume: wadi hizo ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Alipochimba akaelewa kwamba wauguzi wa huko hawakuogopa kusema walipokosea, na kwingineko makosa yalikuwa yakizikwa kimya kimya. Tangu nilipousoma utafiti huo, nikiambiwa na meneja kwamba idara yake haina makosa kabisa huwa simpongezi haraka.

Sasa hilo jina lenyewe, akili ya hisia. Mwaka 1990 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliandika makala wakidai kwamba hisia hubeba habari, na kwamba kuna watu wanaozisoma na kuzitumia habari hizo vizuri kuliko wengine, kama vile kuna walio wepesi wa hesabu. Mwaka 1997 wakaupanga uwezo huo katika sehemu nne: kuitambua hisia, yako na ya mwenzako; kuitumia ikusaidie kufikiri; kuelewa imetoka wapi na inaelekea wapi; na kuiongoza. Upole haumo hata kwenye sehemu moja. Mwaka 1995 mwandishi wa habari Daniel Goleman alitoa kitabu kilicholieneza wazo hilo duniani kote, na humo likabebeshwa mizigo mingine: bidii, ari, uongozi, kufanikiwa maishani. Semina nyingi za maofisini huuza toleo hilo lenye mizigo. Mimi hutumia lile la kwanza, kwa sababu linampa mtu kazi za kufanya, na lile jingine linampa sifa za kutamani.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hapana. Tapeli wa stendi anayemtambua mgeni kwa wasiwasi alioshuka nao kwenye matatu, akamwita "mama" kwa sauti ya huruma na kumpokea mzigo, ana uwezo wa kusoma hisia kutuzidi mimi na wewe. Naye yuko mtu mpole kweli kweli, hapazi sauti mwaka mzima, lakini anaendelea na mzaha wake hali mwenzake amebakisha kidogo alie. Wewe unaweza kubaki mkali wa kazi, na bado ukawa hodari wa jambo hili. Nimewaona wanawake wa soko la Kibuye hapa Kisumu wenye sauti ya kuvuka barabara, ambao mfanyakazi wao akiharibu kitu huwakimbilia wao kwanza, kwa kuwa anajua kelele zitakuja na kwisha hapo hapo, halafu watakaa chini watafute dawa pamoja.

Kuhusu mambo mawili mliyoambiwa semina, naomba uyaweke kando.

Ile asilimia 93 ni hadithi iliyokuzwa. Chanzo chake ni majaribio ya Albert Mehrabian huko California mwaka 1967. Aliwasikilizisha watu neno moja moja likitamkwa kwa sauti za namna mbalimbali, pengine likiandamana na picha ya uso, akawauliza wanadhani msemaji anampenda au hampendi anayeambiwa. Pale neno lilipopingana na sauti au uso, watu waliamini sauti na uso zaidi. Ni hayo tu. Ukimwambia fundi "nipe nondo kumi na mbili za milimita kumi", asilimia 93 ya ujumbe huo haimo kwenye nyusi zako. Linalobaki la kweli ni kwamba maneno yako yakisema "hakuna shida" huku taya limekaza, kijana ataliamini taya.

Hilo linatuleta kwenye la pili, kumeza hasira. Mwaka 2003 Emily Butler na wenzake, akiwemo James Gross wa Stanford, waliwaonyesha wanawake wasiofahamiana filamu ya kuhuzunisha kisha wakawapanga wawili wawili waizungumzie. Katika baadhi ya jozi, mmoja alipewa maagizo ya siri kwamba asionyeshe hisia yoyote. Matokeo yake ni kwamba mazungumzo yalikosa ladha, ukaribu haukujengeka, na shinikizo la damu la yule mwenzake, ambaye hakujua lolote, lilipanda. Ukikaza uso mbele ya vijana wako, miili yao inajua kuna kitu, ila haijui ni nini. Basi wanabaki kubahatisha, na mtu anayebahatisha kuhusu bosi wake hubahatisha lililo baya zaidi. Afadhali mara mia useme wazi kwamba umekasirika, mradi useme ni kuhusu nini.

Na hapa ndipo kazi yako halisi ilipo, kabla hata hujafika kwa vijana. Simu ya mteja wa Molo ilipoingia, mwili wako ulijua kabla yako. Kwa wengine ni joto la masikio, kwa wengine kifua kubana au mkono kukunja ngumi juu ya kaunta. Wewe una dalili yako. Muulize mkeo, pengine anaijua vizuri kuliko wewe. Kati ya dalili hiyo na neno la kwanza kutoka mdomoni kuna sekunde chache, na watu wengi huzipita bila kujua kwamba zilikuwepo. Zoezi ninalowapa watu kwanza ni dogo sana: ukiisikia dalili, taja moyoni unachohisi, kwa jina lake hasa. Matthew Lieberman na wenzake wa chuo kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha mwaka 2007, kwa mashine za kupiga picha ubongo, kwamba mtu anapoipa hisia jina, ile sehemu ya ubongo inayowaka haraka kwa hatari, amigdala, hutulia kiasi.

Nimesema jina lake hasa. Wanaume wengi wanaokuja kwangu wana majina mawili tu: niko sawa, na nimekasirika. Ukiwauliza tena, taratibu, yanatoka mengine. Wewe siku ile, nadhani, ulikuwa na hofu: mwenye duka atauliza, na tathmini ndiyo hiyo imeshakuja mbaya. Ulikuwa na aibu, kwa kuwa wateja walisikia simu. Labda na uchungu, maana ulikuwa umemwamini kijana huyo na kazi. Hofu, aibu na uchungu vyote vilitoka kwa mlango mmoja vikiwa vimevaa hasira, na kijana akapokea habari moja tu: bosi ananichukia. Hiyo ni habari ya uongo, na ni wewe uliyeituma.

Kama ungezipata zile sekunde, ungesema nini? Kwanza ungemwita nyuma, kwenye stoo, mbali na kaunta. Kumkosoa mtu mzima mbele ya wateja kunamfanya atetee uso wake, na anayetetea uso hakupi maelezo. Halafu ungeweza kusema hivi: "Mteja wa Molo amepiga simu, amepata geji 30. Nimeshtuka, na mwenye duka ataniuliza. Nieleze ilivyokuwa kuanzia mwanzo." Kisha nyamaza mpaka amalize. Hapo hujaficha chochote, hujasema kosa ni dogo, na umeomba kile unachohitaji. Ukali wote wa kazi umo. Unaweza hata kuongeza kwamba ikitokea tena itaandikwa kwenye faili lake. Lililopungua ni "wewe una macho ya nini", ambalo halijawahi kumfundisha mtu kusoma geji.

Ikiwa moyo umeshakimbia sana, usijaribu kuongea vizuri, hutaweza. John Gottman, aliyewachunguza wanandoa kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Washington, aliona kwamba mapigo ya moyo yakivuka takriban 100 kwa dakika katikati ya ugomvi, mtu huacha kusikia anachoambiwa, na huhitaji angalau dakika 20 za kufanya kitu kingine ndipo mwili urudi. Kitu kingine, nasisitiza. Kuzunguka yadi ukirudia kichwani maneno utakayomwambia hakukuteremshi. Hesabu mifuko ya simiti, nenda kanywe chai. Na kwa kuwa tunaongea chai: meneja wengi ninaowajua hula chakula cha mchana saa tisa alasiri, wakishakula ni watu wengine kabisa. Siwezi kukuambia ni kiasi gani cha "akili ya hisia: chini" ni njaa, lakini kipo.

Tuje kwa vijana wako. Neno utakalolisikia zaidi dukani ni "sawa bosi", na hilo lina angalau maana tatu. Nimeelewa. Sijaelewa, ila naogopa kuuliza mara ya pili. Nimeelewa, na unakosea, lakini duka si langu. Kwa sikio la haraka zote ni moja. Msikilize anavyolitamka: la kwanza hufuatwa na mkono kuanza kazi, la pili huja haraka mno, kabla hujamaliza sentensi, la tatu huja limechelewa kidogo, na macho yanakwenda kwa mwenzake. Usimwulize "umeelewa?", kwa sababu utaletewa "sawa bosi" nyingine. Muulize "utaanza na ipi?" au "wewe ungepanga vipi?", maswali ambayo sawa haiwezi kuyajibu.

Angalia pia usisome kwa miwani ya kwenu. Nakuru ni mji wa watu waliotoka kila kona, na dukani mwako nina hakika mna lugha nne au tano za nyumbani. Nalini Ambady na Hillary Elfenbein walijumlisha tafiti nyingi mwaka 2002 wakaona kwamba watu hutambua hisia za wenzao wa utamaduni mmoja vizuri kidogo kuliko za wageni. Tunaelewana sote kwa sehemu kubwa, ila kuna lahaja. Mfano unaoniletea watu wengi ni macho. Kuna meneja anayeamini kwamba kijana asiyemtazama usoni ana hatia. Katika jamii nyingi za huku kwetu magharibi, na si huku tu, kijana aliyelelewa vizuri huteremsha macho akisemeshwa na mkubwa, hasa mkubwa aliyekasirika. Unamwadhibu kwa heshima aliyofunzwa na bibi yake. Usiniulize kabila gani lina tabia gani. Muulize mtu mwenyewe, umzoee, ujue yeye akiwa na wasiwasi anafanyaje.

Nikupe kisa kimoja ambacho kila mwajiri wa pande hizi anakijua. Alhamisi jioni mfanyakazi anakuja mlangoni, kofia mkononi, anaomba Ijumaa na Jumamosi aende nyumbani Vihiga, kuna matanga. Wewe una lori mbili za kupakia Jumamosi. Mdomo unataka kusema "tena matanga?" Najua kwa nini, si mara ya kwanza mwaka huu, na zipo siku ambazo matanga yalikuwa ya binamu wa jirani. Lakini ukilisema hilo kwanza, hata ukimpa siku zote mbili baadaye, atakumbuka swali lako na siku atazisahau. Anza na "Pole sana. Ni nani?" Halafu ngoja jibu. Ukiambiwa ni mama mdogo aliyemlea, utajua la kufanya. Ukiona anababaika kutaja jina, pia utajua. Kisha ndipo mnaongea lori: "Jumamosi tuna kazi kubwa, unaweza kupata nani akushikie?" Salamu ya pole haikugharimu chochote, na imekuletea habari ambayo "tena matanga?" ingeifukuza.

Simu zimeongeza utata. Mwaka 2005 Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao waliwapa watu sentensi za kutuma kwa barua pepe, nyingine za dhati na nyingine za kejeli, kisha wakawauliza kama mpokeaji atatofautisha. Walikisia atapatia kama mara 78 katika 100. Alipatia 56, karibu sawa na kurusha sarafu. Kwa sauti walipatia 73. Sasa fikiria wewe saa tatu usiku unaandika kwenye grupu ya WhatsApp ya kazi: "Nani alifunga stoo jana?" Kichwani mwako ulikuwa unataka tu kujua funguo ziko wapi. Vijana tisa nyumbani kwao wanasoma wakiisikia sauti yako ya siku ya mabati. Hakuna atakayejibu mpaka asubuhi, na wewe utasema hawana adabu. Jambo lenye uzito lipigie simu, au tuma sauti. Kwenye maandishi ongeza sababu: "Natafuta funguo za kontena, nani alifunga stoo jana?" Na kemeo lolote lisipite kwenye grupu kamwe, hata kama unadhani limeandikwa kwa adabu.

Kuhusu mama watoto nitasema machache, kwa sababu hukueleza mengi na yeye mwenyewe sijamsikia. "Unaongea kama uko dukani" mara nyingi si lalamiko la sauti kubwa. Sikiliza maswali yako ya jioni. Mtoto kafukuzwa shule kwa karo: Kwa nini hukunipigia? Ilikuwa saa ngapi? Mwalimu alisema nini hasa? Risiti ya muhula uliopita iko wapi? Kila swali ni zuri, na yote pamoja ni mahojiano. Yeye alileta wasiwasi, wewe ukafungua faili. Jaribu usiku mmoja kuuliza kwanza kuhusu yeye, siku yake ilikuwaje alipomwona mtoto amerudi na begi saa nne asubuhi. Risiti itatafutwa, haikimbii. Na ukiona ugomvi unapanda, ile kanuni ya dakika 20 ni ya nyumbani kuliko ya dukani, ila sema unakwenda wapi na utarudi lini. Mume anayetoka mlangoni bila neno hajapumzika, amemwachia mwenzake kazi ya kukisia.

Unafundishika? Ndiyo. Uchambuzi wa tafiti nyingi za mafunzo uliochapishwa na Victoria Mattingly na Kurt Kraiger mwaka 2019 ulionyesha kwamba watu hupanda, kwa kiasi cha wastani. Wastani, si miujiza. Hutarudi kutoka semina ya siku mbili ukiwa mtu mwingine. Ni mazoezi ya kurudiarudia mahali pamoja: hali ile ile, dalili ile ile, sekunde zile zile. Miaka 41 haikuzuii. Kuna tafiti nyingi, zikiwemo za Laura Carstensen wa Stanford, zinazoonyesha watu wakiongezeka umri huwa wanaziongoza hisia zao vizuri zaidi kuliko vijana. Faida yake kazini nayo usiikuze. Dana Joseph na Daniel Newman walijumlisha tafiti mwaka 2010 wakakuta uwezo huu unasaidia pale kazi inapohusu kushughulika na hisia za watu, na mahali pengine hausaidii sana. Mtu wa kuchomelea madirisha siku nzima peke yake anaweza kuishi bila huo. Wewe una wateja mlangoni na vijana tisa nyuma, huna ujanja. Kama lakini hasira yako inafika kwenye mkono, au unaituliza kwa pombe, au umekosa usingizi kwa majuma, hayo hayatibiwi kwa makala. Tafuta mshauri nasaha aliyesajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2014 inayosimamia washauri na wanasaikolojia nchini.

Yule kijana, muombe msamaha. Hutajishusha, kwa masharti mawili. La kwanza, tenganisha makosa. La mabati ni lake, la kumkemea mbele ya watu ni lako, na usilitumie moja kufuta jingine. La pili, wenzake walikusikia ukimfokea, basi na wakusikie ukisema hili, asubuhi mnapogawana kazi, kwa sentensi fupi: "Juzi nilimfokea mwenzenu mbele ya wateja. Kosa la geji tumeliongea yeye na mimi. Kufoka kule hakukuwa sawa, na nimemwomba radhi." Usiweke "lakini" mwishoni. Usimlazimishe ajibu wala asimame. Mwambie yeye kwanza, faraghani, ili asishtukizwe.

Msamaha huo hautaaminika siku hiyo. Utapimwa siku mtu wa kwanza atakapokuletea habari mbaya mapema: rangi iliyomwagika, hundi iliyosainiwa vibaya, pikipiki ya mteja iliyogongwa na mkokoteni. Wote tisa watakuwa wanatazama uso wako, hata walio juu ya lori. Siku hiyo neno la kwanza liwe "umefanya vizuri kuniambia sasa", hata kama masikio yanawaka moto, na la pili liwe kuhusu rangi.

Limebaki suala la karatasi. "Akili ya hisia: chini" haikufundishi kitu, na mwenye duka aliyeandika hivyo bila mfano hajakutendea haki. Mwendee, tena kwa utulivu baada ya chai, umwombe matukio mawili aliyoyaona yeye mwenyewe: ilikuwa siku gani, nilisema nini, ungependa ningesemaje. Akikupa, yaandike chini ya alama ile na mkubaliane atakuangalia tena lini. Asipoweza kukumbuka hata moja, mwambie la Molo.